Kamyo ya zamani Lubumbashi: karatasi zake, bima yake na kazi yake

Lubumbashi bado ina kamyo zenye umri mkubwa kuliko madereva wake. Ziko Mercedes za pua fupi, 911 na 1113. Ziko Magirus zilizochakazwa na kazi za migodi, na Bedford zilizovuka kutoka Zambia. Baadhi bado zinashusha makala na mahindi kutoka barabara ya Kasenga. Nyingine zimekaa miaka chini ya mwembe, Kampemba au Katuba, mpaka mtoto wa mwenyewe anapoamua kuifufua ya baba yake: anatafuta vipuri, anarudisha rangi ya kiwandani, anataka kuipeleka arusini au kutembea nayo hadi Kipushi Jumapili.

Hapo ndipo maswali yanapoanza, na majibu unayoyasikia karakana moja yanapingana na ya karakana ya pili. Huyu anasema gari likipita miaka 30 halidaiwi tena asiransi, yaani bima. Yule anasema kamyo ya enzi ya Zaire haiwezi kupata plaki mpya, yaani kibao cha namba. Wa tatu anasema ukishabandika karatasi ya bima kwenye kioo, umemaliza. Hakuna hata moja lililo kweli, na hilo la tatu ndilo linaloumiza watu wengi zaidi.

Tuyaweke majina mahali pake kwanza. Kusajili ni kuiambia serikali kwamba chombo hiki ndicho hiki, na ni cha fulani. Unachopewa ni plaki na karte roze, yaani kadi ya usajili wa gari, na kazi hiyo iko mikononi mwa DGI, idara kuu ya kodi. Vinyeti ni kodi ya kila mwaka ya gari, ambayo huku Haut-Katanga inakusanywa na DRHKAT, idara ya mapato ya jimbo. Kontrole teknike ni cheti cha fundi aliyeidhinishwa kwamba breki, taa, usukani na magurudumu yametazamwa. Bima, yaani asiransi, ni ahadi ya kampuni kulipa hasara fulani ikitokea, kwa sababu wewe umelipa mchango wako mapema.

Anayetaka kuishika tofauti ya karatasi hizi amfikirie mtu. Kadi ya mpiga kura, ile tunayoitoa kila mahali kama kitambulisho, inasema huyu ni nani. Cheti cha daktari kinaeleza hali ya mwili wake. Risiti ya kodi inaonyesha kwamba hadaiwi. Lakini siku akivunja ukuta wa jirani, karatasi zote tatu hazitanunua hata tofali moja. Kazi hiyo ni ya bima peke yake, na ndiyo maana polisi wa barabarani, wale tunaowaita roulage, wanaweza kuzikuta karatasi tatu safi na bado wakawa na haki ya kukusimamisha kwa kukosa ya nne.

Umri wa kamyo unabadilisha nini?

Ulaya kuna utaratibu wa pekee kwa magari ya kale, na mazungumzo mengi yanayofika kwetu yametoka huko. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka wa 1966, linataka masharti manne kwa pamoja: gari liwe na angalau miaka 30, lihifadhiwe katika hali inayofanana na ile ya awali, lisiwe chombo cha usafiri wa kila siku, na liwe sehemu ya urithi wa kiufundi na kiutamaduni. Ufaransa, gari lililopita miaka 30 linaweza kupewa kadi maalumu ya mkusanyaji. Ubelgiji kuna plaki inayoanza na herufi O.

Wengi wanalishika sharti la kwanza na kuyaacha mengine. Mbelgiji mwenye plaki ya O haruhusiwi kufanya nayo biashara ya kubeba mizigo. Unafuu wote anaopewa, hata bei ndogo ya bima, unatokana na ahadi kwamba gari hilo litatembea kidogo na litalala ndani. Kwa hiyo yule jamaa aliyeko Liège anayekuambia “yangu ya mwaka wa 1968 nailipia bima kidogo sana” anasema kweli, ila hajakuambia kwamba hawezi kupakia hata gunia moja la mteja.

Huku kwetu njia ni nyingine. Kamyo ya mwaka wa 1971 na ya mwaka wa 2015 zinafika kwenye dirisha lile lile na kuulizwa mambo yale yale: chapa, namba ya shasi, mwaka wa kutengenezwa, nguvu, uzito, mwenyewe ni nani, na itafanya kazi gani. Umri ni mstari mmoja tu kwenye karatasi, na kazi ndiyo inayoamua karibu yote yaliyobaki.

Kuna mahali pamoja ambapo umri unauma kweli, nako ni mpakani. Mwaka wa 2012 serikali ilitoa amri ya kukataza kuingiza nchini magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka 10. Sheria ya namna hii inagusa chombo kinachoingia. Haigusi kilichoingia kihalali miaka 50 iliyopita na hakijawahi kutoka. Vile vile Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na maamuzi ya kukataza magari ya usukani wa kulia yamewahi kutolewa. Kabla ya kulipia Bedford nzuri iliyoko Ndola au Kitwe, huko Zambia, nenda kwanza kwa wakala wa forodha mwenye kibali, akupe jibu la maandishi la DGDA, idara kuu ya forodha, kuhusu mwaka na usukani wa gari hilo hasa. Fedha itoke baada ya jibu hilo.

Kamyo ni ya nani?

Kwa kamyo ya zamani, swali hili ni gumu kuliko bei ya vipuri, kwa sababu karatasi zake zimepitia historia yetu yote. Mji wenyewe uliitwa Elisabethville hadi mwaka wa 1966. Union Minière, kampuni kubwa ya migodi, ilitaifishwa mwanzoni mwa 1967, na baadaye ikawa Gécamines. Tarehe 30 Novemba 1973 ikaja zaïrianisation, maduka na mashamba ya wageni yakapewa watu wengine pamoja na magari yake, na miaka michache baadaye baadhi yakarudishwa kwa wenyewe. Nchi ikaitwa Zaire, kisha mwaka wa 1997 ikarudi kuwa Kongo. Kampuni zikafa na mashirika yakauza vyombo vilivyochoka. Mzee akanunua kamyo kwa neno la mdomo na mashahidi wawili, na mashahidi wale sasa hawapo.

Matokeo yake ni kwamba kijana anashika karatasi yenye jina la kampuni isiyokuwepo tena, katika mji wenye jina jingine, ndani ya nchi yenye jina jingine. Hilo peke yake haliifanyi kamyo kuwa ya wizi. Linamaanisha tu kwamba mnyororo wa umiliki una pete zilizokatika, na kazi yako ni kuziunga moja baada ya nyingine: hati ya mauzo au ya mnada wa shirika ikiwepo, hati ya urithi kama mzee amefariki, kauli ya kupotelewa na karatasi kutoka polisi, na mkataba wa mauzo uliopita kwa mthibitishaji. Ndugu wote wenye haki ya urithi watie sahihi. Nasisitiza hapo kwa sababu ugomvi mwingi wa magari ya wazee hautoki serikalini, unatoka ndani ya familia, na mara nyingi unaanza siku kamyo inapong'aa na kuanza kuingiza fedha. Sahihi ya dada aliyeolewa Kolwezi inapatikana kirahisi wakati kamyo bado ni chuma chenye kutu.

Kisha kuna namba ya shasi. Magari ya sasa yana namba yenye herufi na tarakimu 17, utaratibu ulioenea kuanzia mwaka wa 1981. Kamyo ya mwaka wa 1969 haiwezi kuwa nayo. Mercedes nyingi za wakati huo zina tarakimu 14, na chapa nyingine zina chache zaidi. Ukiambiwa namba ni fupi kwa hiyo ni bandia, usibishane kwa sauti. Beba picha za namba iliyogongwa kwenye chuma cha shasi, picha ya kibati cha kiwanda kilichoko kwenye kabini, na ukurasa wa kitabu cha mtengenezaji unaoonyesha mahali namba inapokaa. Namba ya injini ni jambo jingine kabisa. Injini ya kamyo ya umri huo huenda imeshabadilishwa zaidi ya mara moja, na kama iliyomo sasa hailingani na iliyoandikwa, ieleze mapema na uonyeshe ilikotoka. Kamwe usiguse namba ya shasi kwa jiwe la kusagia au kwa kuchomelea, hata kama nia yako ni kuondoa kutu tu. Isafishe kwa brashi na mafuta.

Majina ya Mercedes za zamani yanasaidia pia kusoma safu za uzito. Tarakimu za mwanzo zinakaribia tani za uzito wote, gari pamoja na mzigo, na mbili za mwisho, ukiongeza sifuri, zinakaribia nguvu za farasi. Basi 911 ni ya tani 9 hivi na nguvu 110. 1113 ni ya tani 11 na nguvu 130. Toa uzito wa gari tupu, utapata mzigo halali. Sisi tumezoea kuuliza “inabeba tani ngapi?” tukimaanisha inaweza kuvumilia kiasi gani kabla ya kuvunjika springi. Karte roze, vinyeti za magari ya mizigo na mkataba wa bima vinafuata uzito ulioandikwa, na mzigo wa ziada unakutoa nje ya vyote vitatu kwa mpigo.

Kutembea nayo au kufanya nayo kazi

Matumizi yako ya aina tatu. Ya kwanza ni ya binafsi: unatembea, unaipeleka kwenye gwaride la tarehe 30 Juni, unamsindikiza bwana arusi ambaye ni mpwa wako. Ya pili ni kubeba mali yako mwenyewe kwa shughuli yako, kwa mfano mahindi ya shamba lako kuyaleta soko la Kenya, komini ya hapa Lubumbashi. Ya tatu ni kubeba mali ya watu kwa malipo. Wengi wanaijua ya kwanza na ya tatu, na wanaanguka katikati.

Rafiki anakuomba ubebe sementi yake na “atatia mazutu tu”, yaani dizeli. Hayo ni malipo. Umekodisha kamyo yako nzuri kwa arusi ya mtu usiyemjua, au kwa vijana wanaopiga video ya wimbo? Umefanya biashara, hata kama kamyo haikubeba kilo moja. Umeiazima parokia bila fedha? Bado ni matumizi ya bila malipo, lakini dereva amebadilika na watu waliopanda wamebadilika, na kampuni ya bima ina haki ya kujua.

Ukichagua biashara, karatasi zinaongezeka: namba ya kodi, RCCM (usajili wa biashara) au patente (kibali cha biashara ndogo) kulingana na ukubwa wa shughuli, kibali cha usafirishaji kutoka idara ya uchukuzi, na dereva mwenye leseni ya daraja la magari mazito. Siendi mbali zaidi hapo, kwa maana ada na fomu zinabadilika, na dirishani utapewa orodha ya mwaka huo.

Ushauri wangu ni wazi: usiifanye kamyo moja kuwa ya kupendeza na ya kazi kwa pamoja. Kamyo nyingi za kabla ya miaka ya 1970 zina breki za mzunguko mmoja wa mafuta. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote yanapoteza breki. Hazina mikanda. Usukani ni mzito. Kutembea nayo tupu, polepole, mchana, hilo linawezekana kwa matengenezo mazuri. Kuipakia tani 6 na kuishusha mlima usiku kuelekea Likasi ni kuiomba kazi ambayo chuma chake hakiwezi tena kuiahidi. Tairi nazo zitazame kwa umri, acha kutazama meno peke yake. Zilizotengenezwa tangu mwaka wa 2000 zina tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT: 2319 ina maana wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Kamyo iliyokaa bandani inaweza kuwa na tairi zenye meno mapya na mpira uliokufa.

Bima: inamlipa nani?

Sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973 ilifanya bima ya dhima kuwa lazima kwa magari yenye injini. Sheria ya bima ya tarehe 17 Machi 2015, namba 15/005, iliendeleza lazima hiyo na kumaliza ukiritimba wa SONAS, shirika la serikali lililokuwa peke yake tangu miaka ya 1960. Kuanzia mwaka wa 2019 kampuni za binafsi zilipewa vibali, zikiwemo Activa, Rawsur na SFA, chini ya usimamizi wa ARCA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima. Kwa hiyo anayekuambia bila SONAS hakuna bima, yuko nyuma. Na anayekuuzia karatasi kandokando ya barabara kwa jina la kampuni usiyoijua, mwache. Jina lake litafute kwanza kwenye orodha ya ARCA.

Bima ya lazima ni ya dhima: inamlipa uliyemgonga, ukuta uliovunja, mbuzi uliyeua. Kamyo yako mwenyewe hailipwi hata shilingi. Watu wengi wanalijua hili siku ya ajali, na inaniuma kila ninapolisikia, kwa sababu mtu ametumia miaka akiirudisha kamyo ya baba yake katika hali yake, kisha anaambiwa karatasi aliyolipia ilikuwa ya mtu mwingine. Ukitaka na yako ilindwe, unaongeza: moto, wizi, uharibifu wa ajali. Hata kamyo iliyo bado kwenye matengenezo, isiyotembea, inaweza kuwekewa bima ya moto na wizi, na karakana yenye mashine ya kuchomelea ndiyo mahali pa kufikiria moto.

Ugumu wa kamyo ya kale ni thamani. Kwa kawaida kampuni inalipa bei ya soko ya gari la umri huo siku ya ajali, na kwa soko kamyo ya mwaka wa 1970 ni chuma cha kuyeyusha. Njia ni kuomba thamani iliyokubaliwa: mtaalamu anaitazama, mnaandika kiasi, nanyi nyote mnatia sahihi kabla ya lolote kutokea. Mpelekee picha za kila upande, za chini ya shasi, za injini, pamoja na risiti za vipuri. Si kila kampuni itakubali, lakini omba, na jibu liwe la maandishi.

Usipunguze thamani ili ulipe kidogo. Tuchukue mfano. Kamyo ina thamani ya dola 12,000, wewe umetangaza 6,000. Ajali inaleta hasara ya dola 4,000. Kwa kanuni ya uwiano inayotumika katika bima za mali, kwa kuwa ulilipia nusu ya thamani, unalipwa nusu ya hasara: dola 2,000, kisha inaondolewa ile sehemu ya mwanzo ambayo mkataba unaiacha kwako. Kuficha matumizi kuna hatari ya jinsi hiyo hiyo. Ukitangaza binafsi na ajali ikakukuta na sementi ya rafiki, kampuni inaweza kupunguza inachokulipa au kukataa, na fedha iliyomlipa majeruhi inaweza kuja kuzidai kwako.

Hapa niseme juu ya watu wanaopanda juu ya mzigo. Tunawaona kila siku, mama na watoto juu ya magunia. Mikataba ya kamyo za mizigo kwa kawaida huhesabu watu wa ndani ya kabini tu, idadi iliyoandikwa. Mwenye kamyo ya sherehe naye anapakia maharusi na wapambe kwenye karoseri ya wazi, pale nyuma pa mizigo. Waambie wapande gari lingine, kamyo iwatangulie. Picha itakuwa nzuri vile vile, na hakuna familia itakayobaki na majeruhi asiye na wa kumlipia matibabu.

Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa

Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ni karatasi ya bima ya kuvukia mipaka, lakini haichukui nafasi ya bima yako. Ni kiendelezo chake: dhima yako kwa wengine inatambuliwa katika nchi nyingine za mpango huo, Zambia ikiwemo, na hata Tanzania, ambayo si mwanachama wa COMESA. Inaombwa kwa kampuni iliyokukatia bima nyumbani. Haiongezi ulinzi wa kamyo yenyewe, na haigeuzi matumizi ya binafsi kuwa ya biashara: kama bima yako ya nyumbani inasema matembezi, basi na ng'ambo ni matembezi. Zambia wanaendesha kushoto, hivyo kamyo ya usukani wa kushoto bila kioo kikubwa cha upande wa kulia haioni inayoipita. Kitie kabla ya safari.

Tazama pia tarehe za mwisho za bima na za kadi. Foleni ya kamyo Kasumbalesa inaweza kuchukua siku kadhaa kwenda, na nyingine kurudi. Kama bima inaisha karibu na siku hizo, ongeza muda wake Lubumbashi, uombe kadi yenye tarehe mpya, ndipo uwashe injini.